Majina Elfu Arobaini kwa Swali Moja

Ukishuka Kariokor pale Nairobi unapata nyama choma, vyondo, viatu vya ngozi na makanga wakikuvuta mkono. Jina la mtaa ni Carrier Corps, lililotafunwa na midomo yetu mpaka likalainika. Dar es Salaam nao wana lao, Kariakoo. Mitaa miwili inayojulikana kila mahali, yote imebeba jina la kikosi cha wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wetu tunapita hapo tukifikiria bei ya mbuzi tu.

Bunduki za vita vile zimeandikwa sana. Hapa nataka kuzungumzia makaratasi yake: orodha, na vile orodha ndefu inavyoweza kummeza mtu kama hujui namna ya kuiuliza.

Tuanzie Kisii. Septemba 12, 1914, Wajerumani waliokuwa wamevuka mpaka kutoka kusini walipigana na Waingereza mjini hapo, kisha wakarudi walikotoka. Maofisa wa serikali walikuwa wamekimbia. Wenyeji waliukuta mji hauna mwenyewe, wakaingia madukani na ofisini, wakabeba walichoweza. Malipo yake yalikuja kwa ng'ombe: serikali iliporudi iliwanyang'anya Abagusii mifugo. Kisha ikaja zamu ya watu wenyewe. Kisii ilikuwa makao ya wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, iliyowaweka pamoja Abagusii, Wajaluo na Wakuria, na jeshi lililokuwa likimfukuza Lettow-Vorbeck porini lilihitaji mabega. Gari halikupita kule. Ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Mzigo ulibaki wa binadamu.

Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya watu kwa wingi ilikabidhiwa John Ainsworth, ambaye alikuwa amekaa miaka mingi akiwa mkuu wa jimbo la Nyanza, kwa hiyo milima hii aliijua vizuri. Machifu waliambiwa walete vijana. Wakaleta. Aliyesimamia kikosi chenyewe ni Oscar Watkins, na kila mtu aliyeingia aliandikwa: jina, kwao, chifu wake, na namba. Namba ndiyo iliyokuwa na kazi. Jeshi halikuwa na haja ya kukujua. Lilitaka kujua umekula posho ya siku ngapi na unadai mshahara wa miezi mingapi.

Wakafa. Si kwa risasi sana, bali kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na chakula ambacho matumbo yao hayakukijua. Hesabu za serikali yenyewe zilikubali vifo vya wabeba mizigo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona hiyo ni hesabu ya chini. Kila aliyekufa aliacha deni, na mdaiwa ni serikali. Mshahara wake ulikuwa umeandikwa kitabuni. Kilichobaki ni kumpata mjane, baba au kaka, na kumpa pesa.

Hapo ndipo orodha ilipogoma.

Jiweke mahali pa karani. Mkononi una orodha ya majina 40,000 ya watu wanaodai. Mbele yako kuna orodha nyingine kubwa zaidi, ya watu wote wa wilaya, na sehemu kubwa ya orodha hiyo haiko hata kwenye karatasi. Iko kichwani mwa machifu na wazee. Unazioanisha vipi? Mimi naona njia tatu. Ya kwanza ni kuuliza jina moja moja: barua inakwenda wilayani, chifu anaulizwa, jibu linarudi, unafungua barua ya pili. Ya pili ni kusimama barazani na kuyasoma majina yote kwa pumzi moja. Ukifika jina la mia tatu, wa kwanza ameshasahaulika na watu wameanza kuangalia jua. Ya tatu ni kuzipanga orodha zote mbili kwa utaratibu mmoja, kuziweka kando kwa kando, na kuteremka nazo pamoja, kidole kimoja hapa, kidole kingine pale. Vidole vikikutana, umempata mtu. Kimoja kikitangulia, unasogeza kingine. Mara moja tu kutoka juu hadi chini, umemaliza.

Njia ya tatu ni ya haraka ajabu, lakini ina sharti: orodha zote mbili ziwe na kitu kimoja kinachofanana, kilichoandikwa namna moja. Na hicho ndicho walichokosa.

Chukua jina. Kwa desturi ya Abagusii mtoto hupewa jina la jamaa aliyekwisha fariki, ili jina lisipotee ukoo. Kwa hiyo akina Momanyi, Nyakundi na Ondieki wamo kila kizazi, na akina Kerubo, Moraa na Nyaboke vilevile. Ukiita jina Nyaribari wataitika wengi, na kila mmoja amebeba jina la marehemu. Kwa familia huo ni utajiri. Kwa karani anayetafuta mtu mmoja aliyekufa Dodoma au Rufiji, ni balaa tupu, maana jina limetengenezwa makusudi liwe la zaidi ya mtu mmoja.

Chukua basi kwao. Mahali panapoitwa Bomachoge na wenyewe, serikali iliandika Majoge. Bobasi iliandikwa Bassi. Bonchari ikawa Wanjare. Mugirango ziko zaidi ya moja, hata leo: Kusini iko kaunti ya Kisii, Kaskazini na Magharibi ziko Nyamira. Na Kisii yenyewe si namna ambavyo Abagusii wangejiita. Kidole kimoja kikiwa kwenye B na kingine kwenye W, havitakutana hata ukiteremka nazo mwaka mzima.

Cha kuudhi ni kwamba wenyeji walikuwa na njia yao ya kumtafuta mtu, na ilifanya kazi vizuri. Huanzi na jina. Unaanza na ukoo mkubwa, unaingia kwenye egesaku, unashuka mpaka enyomba, nyumba ya mama fulani, na ukifika hapo wamebaki watu wachache tu, hata kama watatu kati yao wanaitwa Ombati. Mlango ndani ya mlango. Wahandisi wawili wa kampuni ya Boeing, Rudolf Bayer na Edward McCreight, walikuja kubuni kitu chenye umbo hilohilo karibu na mwaka 1970, mti wa faharasa unaotumika leo karibu kila hifadhidata duniani. Sisemi waliiga Gusii. Nasema tu kwamba mzee yeyote wa Nyamira angeelewa mchoro wao bila kuelezwa mara mbili.

Pesa nyingi za wafu hazikudaiwa. Watkins alihangaika nazo miaka mingi baada ya vita, akitaka zitumike kwa faida ya watu walikotoka wale wabeba mizigo kama warithi hawapatikani. Hakufaulu.

Serikali ilijifunza somo lake lakini ikalitumia kwa kazi nyingine. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilikuwa imepitishwa mwaka 1915, na vita vilipoisha ikaanza kutekelezwa: kipande, kile cha kuvaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Jina peke yake halikuaminiwa tena. Vidole viliwekwa wino. Polisi wa Uingereza walikuwa tayari na mpango wa kupanga alama za vidole uliotoka Bengal, ulioitwa kwa jina la Edward Henry ingawa wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose ndio waliofanya hesabu zake. Mpango huo hugawa vidole vya dunia nzima katika vikundi 1,024. Ukiletewa alama, huitafuti kwenye karatasi laki moja. Unakokotoa kikundi, unafungua kijisanduku kimoja, unatafuta humo. Orodha iliyoshindwa kumlipa marehemu ikawa na uwezo wa kumkamata kijana aliyetoroka shamba la mzungu. Kipande kilidumu hadi 1947.

Sasa turuke miaka, tuje kwenye kompyuta, maana njia zile tatu za karani zilihamia huko zote.

Mwaka 1970 Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, Edgar Codd, alitoa makala iliyosema kwamba mtumiaji asilazimike kujua data imehifadhiwa wapi na kwa njia gani. Kila kitu kiwe jedwali, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zinazofanana. Ni vile vidole viwili, lakini sasa mashine ndiyo inayoteremka. Wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuuliza mwaka 1974, ambayo leo tunaiita SQL. Ukitumia lugha hiyo husemi "nenda ukatafute." Unasema unachotaka, mashine inachagua njia.

Halafu, miaka ya 2000, wasee wa programu wakachoka kuandika SQL. Zikaja zana za kuoanisha, zile wanazoita ORM: Hibernate ya Gavin King mwaka 2001, Active Record ndani ya Rails, kisha Django mwaka 2005. Zana hizi hukufichia jedwali. Unaandika kana kwamba una mkulima mkononi, unamwomba jina lake, namba yake, kilo zake, na zana inakwenda kuuliza kwa niaba yako. Ni raha sana. Pia ni karani ambaye hakuambii anatuma barua ngapi.

Mfano wa kwetu. Tuseme kijana anayekaa Nyanchwa, pale Kisii mjini, amepewa kazi na wakulima wa chai. Wakulima wa huku wanajua kila mtu ana namba yake, na kila majani yanapopimwa kituoni kilo huandikwa chini ya namba hiyo. Bonasi ikija, hesabu hufuata namba. Mwaka huu watu wananung'unika kwamba kuna walioleta majani na hawakuonekana kwenye malipo. Kijana anapewa faili yenye namba 40,000 na kuambiwa: tuambie nani hayumo. Kwa mama wa Kebirigo aliyepanga kulipa karo ya shule kwa pesa hiyo, hili si swali la kompyuta.

Kijana anaanza kama kila mtu anavyoanza. Anazunguka: kwa kila namba, muulize mkulima. Swali moja likichukua milisekunde tano, yote yatachukua sekunde 200, dakika tatu na ushei. Inavumilika. Lakini seva ikiwa Ulaya na kila safari ni milisekunde 150, hesabu yake inafika sekunde 6,000, yaani saa moja na dakika arobaini. Hizo ni barua za wilayani. Tofauti ni kwamba karani wa 1919 alijua anaandika barua. Kijana wetu ameandika mistari miwili ya msimbo na hajaona bahasha hata moja.

Anaambiwa na rafiki: usiulize moja moja, ipe orodha yote. Zana zote zina namna ya kusema "nipe wote ambao namba yao imo kwenye orodha hii." Anajaribu na namba mia, inaruka kama swara. Anaweka 40,000, inaanguka. Amehamia njia ya pili, ya kusoma majina yote barazani, na kila baraza lina pumzi yake. Chini ya pazia, ile zana imegeuza orodha kuwa sentensi moja yenye nafasi 40,000 za kujazwa, na hifadhidata haikubali. Oracle kwa miaka mingi ilikataa orodha ya zaidi ya vitu 1,000. SQL Server ya Microsoft hukubali nafasi 2,100 katika swali moja. SQLite, ile iliyomo kwenye karibu kila simu mfukoni, ilikuwa na kikomo cha 999 mpaka mwaka 2020 ilipopandisha hadi 32,766. PostgreSQL hufika 65,535, na sababu yake ni ya kuchekesha kidogo: ujumbe unaokwenda kwa seva huandika idadi ya nafasi katika biti kumi na sita, na biti kumi na sita haziwezi kuhesabu kupita hapo. Ni kama fomu ya serikali iliyoacha visanduku vitano vya namba. Ukiwa wa laki moja, huna pa kuandikwa.

Kwa hiyo watu wakaanza kukata orodha vipande. Mia tano, mia tano nyingine, mpaka iishe. Django yenyewe ikikutana na Oracle huikata orodha kimyakimya kwa maelfu. Kukata vipande si dhambi, na kwa kazi ndogo ningefanya hivyo na kwenda zangu kunywa chai. Lakini angalia kinachotokea katikati: ukiwa umefika kipande cha 30, mtu mwingine amebadilisha rekodi za kipande cha tatu. Jibu lako linakuwa picha themanini zilizopigwa nyakati tofauti na kushonwa pamoja. Kwenye orodha ya malipo, mshono huo ndipo mtu anapotelea. Kama ni lazima ukate, basi ukate ndani ya muamala mmoja unaoiona data ya wakati mmoja.

Njia ya tatu ipo, na ni ya kizamani kuliko zana zote hizi. Acha kuitia orodha ndani ya swali. Ifanye jedwali. Unafungua jedwali la muda, unamwaga namba zako 40,000 humo kwa mkupuo, kisha unaiomba hifadhidata iyaweke majedwali mawili kando kwa kando na ikurudishie wasio na wenza. Swali moja, jibu moja, na urefu wa orodha haugusi tena urefu wa sentensi. PostgreSQL ina mlango mwingine: unaweza kutuma orodha nzima kama kitu kimoja, safu ya thamani, ikajaza nafasi moja tu badala ya 40,000. Zana nazo zimeanza kuelewa. Mwaka 2023 ile ya Microsoft, Entity Framework, ilipofika toleo la nane, ilianza kufunga orodha kama maandishi ya JSON na kuyafungulia ndani ya seva. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini tangu makala ya Codd, ambaye tangu mwanzo alisema kila kitu kiwe jedwali. Orodha yako pia ni data, boss.

Na jibu likija kubwa, usilibebe lote kichwani. Zana hizi hupenda kumfanya kila mkulima kitu kamili chenye mikono na miguu ndani ya kumbukumbu, na hapo kompyuta ndogo hulia. Omba namba tu, kama namba ndiyo unayotaka. Soma jibu likitiririka.

Juni 2022, kabla ya uchaguzi, wakaguzi wa KPMG walilipitia daftari la wapiga kura lenye majina zaidi ya milioni 22. Waliripoti rekodi 246,465 za watu waliokwisha kufa. Namba kama hiyo huipati kwa kuuliza chifu mmoja mmoja. Unaipata kwa vidole viwili: daftari la wapiga kura upande huu, rekodi za vifo upande ule, namba ya kitambulisho ikiwa ndicho kitu kinachofanana. Watu walizipokea habari hizo kwa mizaha, kwamba wafu wanapiga kura. Kwangu uzito uko kwingine. Muungano wa majedwali humwona marehemu aliyeandikishwa tu. Mzee aliyefia nyumbani Borabu, akazikwa nyuma ya nyumba na kifo chake kisipelekwe kwa msajili, hayumo kwenye jedwali la pili, na kwa hiyo kwenye la kwanza bado anaishi. Hakuna zana ya kuoanisha itakayomwona.

Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vile vya 1914, na pengine hadi 350,000, hawakuadhimishwa kwa majina, au hawakuadhimishwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, ziko sanamu za wanaume watatu wa shaba, na mmoja wao ni mbeba mizigo. Maandishi yake, kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, yanaahidi kwamba hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Hakuna jina lililoandikwa hapo.

Kama siku moja karatasi za mishahara zitawekwa kwenye kompyuta, kupakia namba hizo kwenye jedwali la muda itakuwa kazi ya alasiri moja. Jedwali la pili ndilo litakalosumbua. Itabidi mtu aende Bomachoge, akumbuke kuitafuta kwenye M, na aulize nyumba kwa nyumba ni nani aliyepewa jina la babu ambaye hakurudi.